Upanga wa Kilo Tatu na Robo

Mhunzi aliamini mambo mawili bila kutaka ushahidi: kwamba mkewe hutia chumvi kidogo mno kwenye mboga, na kwamba hakuna mtu chini ya jua awezaye kumfundisha kitu kuhusu chuma. La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikaribia kumharibia mkamwana wake kitabu.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mfupi wa kimo, na mikono ambayo ungedhani ameazima kwa mtu mrefu. Kwa miaka arobaini alikuwa amefua majembe, shoka, miundu na mapanga ya kufyekea, na mapanga yake yalisifika kwa jambo moja: ukiliinua panga lake, linashuka lenyewe. Uzito wote aliusukuma mbele, kwenye kichwa, ili mfyekaji asichoke mapema. Ukimsifia kazi hiyo alijifanya hakusikia, ili urudie.

Mkamwana wake, mke wa kitindamimba, alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia madukani na kisanduku cha mawe ya shaba, akayapanga juu ya mizani ya mwenye duka bila salamu ndefu, na wanaume wenye vitambi wakatokwa jasho. Aliwahi kulifunga bucha moja kwa gramu arobaini tu. Hiyo ilikuwa kazi ya mshahara. Kazi ya moyo ilikuwa nyingine kabisa: alikuwa akitunga mchezo.

Si mchezo wa mpira, wala wa kwenye simu. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja anaigiza mtu wa kubuni: askari, mchawi, mwizi wa makaburini. Msimulizi anasema, "Mlango umefunguka, joka limelala juu ya ngazi." Mchezaji anasema atafanya nini, anarusha dadu yenye pande ishirini, kisha dadu na kanuni za kitabu ndizo zinazoamua kama atapona. Kanuni hizo mkamwana alizihangaikia miaka sita. Zilifika kurasa mia mbili na kumi, na kwenye ukurasa wa kwanza aliandika ahadi: Kila silaha iliyomo humu imepimwa na mtu aliyeishika.

Siku alipokuja karakana kueleza jambo hilo, mhunzi alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Sasa mama, kitabu kina joka linalotema moto. Kina mtu anayegeuka popo. Halafu wewe unahangaika na gramu za upanga?"

"Baba, joka hakuna mtu aliyewahi kupigana nalo," alisema, akiwa amesimama pembeni na mkoba wake mbele, vile alivyosimama siku zote mbele ya mkwe. "Upanga watu waliubeba kweli, na wengine wamekufa nao. Hao siwezi kuwasingizia."

Mhunzi aliinua tena nyundo yake. Jioni ile alimwambia mkewe maneno hayo neno kwa neno, kama vile ameyatunga mwenyewe.

Mkamwana alikuwa na ombi. Alikuwa amepata kibali cha kuingia ghala la makumbusho, akavaa glavu za pamba, akashika na kupima silaha tatu za kale. Alitaka sasa upanga mmoja wa kushikwa, ili wachezaji waelewe kwa mikono yao. Akampa mchoro kwa mikono miwili. Mhunzi akaupokea, akasifu penseli, akausukumia chini ya jiliwa, kile kibano chake cha chuma, bila kuukunjua. Yeye achorewe chuma? Tangu lini?

Akaufua kwa springi ya lori, kwa wiki mbili, kwa mapenzi yake yote. Jumapili akaupeleka nyumbani kwa mwanawe umefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Ulikuwa mpana, uking'aa, unene wake uleule kutoka kwenye kinga ya mkono hadi kwenye ncha. Mkamwana aliupokea, mikono yake ikashuka ghafla, na macho yake yakafanya kitu ambacho mhunzi alikitafsiri kuwa ni furaha.

"Mzuri sana, baba. Ahsante."

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mlango. Miaka miwili nyuma mhunzi alimtengenezea mkamwana huyuhuyu mlango wa chuma wa jikoni, ukawa unafungukia ndani na kugonga jiko. Mkamwana alisema, "Mzuri sana, baba," na tangu siku hiyo watu wa nyumba ile walizunguka na mabeseni yao kupitia mlango wa mbele. Mwenye bucha alipewa ukweli wake palepale, mbele ya wateja. Baba mkwe alipewa "mzuri sana, baba." Ndivyo alivyolelewa, na hakuna jiwe la shaba lililoweza kupima ugumu wa tabia hiyo.

Upanga ukatundikwa ukutani, kwenye chumba walichochezea kila Jumamosi mchana. Wachezaji walikuwa watatu. Mfamasia wa duka la dawa la mtaani, mwanamke wa maneno makavu, aliigiza askari. Fundi cherehani aliigiza mchawi. Mwalimu wa udereva, mtu mpole kupita kiasi, aliigiza mwizi. Mhunzi alifika pale Jumamosi moja kurudisha sufuria tu. Alisimama mlangoni na sufuria yake mkononi kwa nusu saa, kisha akaketi.

Alichokiona kilimtia bumbuazi. Mfamasia alisema askari wake anachomoa upanga kutoka mgongoni.

"Simama," mkamwana akamwambia. Akamfunga mgongoni bomba la plastiki, na ndani ya bomba akatumbukiza mpini wa fagio uliokatwa urefu wa upanga. "Haya, chomoa."

Mfamasia akavuta. Mkono ukafika mwisho wake, na theluthi nzima ya fagio ikabaki bombani. Akavuta tena, akajipinda, akagonga rafu ya vitabu kwa kiwiko.

"Umeshakufa," alisema mkamwana. "Joka lina haraka zake. Upanga unavaliwa kiunoni."

Wote wakaangua kicheko, mfamasia mwenyewe akicheka kuliko wote. Fundi cherehani akauliza kuhusu ule mfereji unaochongwa katikati ya bapa: si ndio wa kupitishia damu?

"Nani kakudanganya? Ni wa kupunguza uzito bila kupunguza nguvu. Hujaona boriti za chuma za daraja? Katikati nyembamba, kingo nene. Mfua panga wa zamani alilijua hilo bila kwenda chuo chochote."

Mhunzi aliganda. Boriti za daraja alikuwa amezipita chini yake maisha yake yote. Alimtazama yule mwanamke mwembamba aliyekuwa akiongea bila kukisia, bila kutia chumvi, akikiri palepale asipojua kitu na kukiandika pembeni ili akakitafute, na kifua chake kikajaa majivuno kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja. Sufuria za nyumba ile zilikwenda na kurudi mpaka mkewe akauliza kama sasa wanakodisha vyombo.

Kanuni moja tu ilimpita. Mwenye upanga akishapiga pigo, ilibidi apumzike zamu moja ndipo apige tena. Kila ilipofika hapo mfamasia aliguna, fundi cherehani akamkanyaga mguu chini ya meza, na mwalimu wa udereva akaanza kuongelea hali ya hewa. Mhunzi alidhani ndiyo uchangamfu wao.

Wiki ya kitabu kwenda kiwandani kuchapwa ilifika. Mkamwana alimpa nakala ya majaribio asome, kwa sababu alitajwa kwenye ukurasa wa shukrani. Jumatatu asubuhi mhunzi alikaa juu ya fuawe, akavaa miwani, akasoma: Kwa baba, aliyetufulia upanga. Akaisoma mara nne. Kisha, akiwa bado anatabasamu peke yake, akafungua jedwali la silaha.

Upanga: kilo tatu na robo. Apigaye apumzike zamu moja.

Nyuma ya kitabu kulikuwa na karatasi ya vipimo vya makumbusho, iliyobanwa kwa pini na huenda ikasahauliwa humo. Wa kwanza, kilo moja na gramu mia moja. Wa pili, kilo moja na gramu mia mbili na themanini. Wa tatu, mrefu, wa kushikwa kwa mikono miwili, kilo moja na nusu. Mhunzi akarudi kwenye jedwali, akarudi kwenye karatasi. Akaamini ni kosa la mpiga chapa, akavua aproni, akaenda duka la dawa kuuliza, maana lilikuwa karibu.

Mfamasia alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee, nikuambie ukweli, au nikuuzie dawa ya kichwa uende zako?"

"Niambie."

"Kilo tatu na robo ni upanga wako. Ule ukutani. Tumembembeleza miezi mitatu aweke uzito wa kweli, amekataa katakata. Ile kanuni ya kupumzika inaua mchezo, hakuna anayetaka tena kubeba upanga. Anasema, 'Siwezi kuandika kitabu kinachosema baba amekosea.' Basi."

"Na ile ahadi ya ukurasa wa kwanza?"

"Ndiyo inayomkondesha. Kitabu kikitoka, wanaojua silaha watakisoma. Watafika jedwali hilo, watakifunga. Mkaguzi wa mizani kapunja mizani. Hawatamwamini tena, hata kwa yale aliyoyapata kwa jasho."

Mhunzi alirudi karakana masikio yakimwaka. Akainua jiliwa, akautoa ule mchoro, na kwa mara ya kwanza akaukunjua.

Kila kitu kilikuwemo. Unene kwenye kinga, milimita sita, katikati, nne, karibu na ncha, mbili. Mfereji na kina chake. Tufe la chuma mwisho wa mpini, na kwa nini liwepo. Alama nyekundu vidole sita kutoka kwenye kinga: hapa ndipo upanga usimame juu ya kidole kimoja bila kuangukia upande wowote. Na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa heshima: Baba, panga lako ni zuri kwa sababu nyasi hazirudishi pigo. Huu unatakiwa uwahi kurudi, maana na mwenzako anao.

Miaka arobaini ya kazi, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza ustadi wake mwenyewe kwa maneno machache namna ile. Aliona haya, na wakati uleule alimhusudu yule mwanamke kwa furaha, kama unavyomhusudu mwenzako wa kazi aliyekushinda. Alikuwa amefua panga kubwa la kufyekea, akaliita upanga, na mkamwana akaamua kuinamisha kitabu kizima ili kilingane na kosa lake.

Angeweza kunyamaza. Jina lake lingebaki kwenye ukurasa wa shukrani, upanga wake ukutani, na hakuna mteja wa majembe ambaye angejua. Sitamsingizia utakatifu: aliliwaza hilo kwa dakika kumi nzima, akiwa amekunja uso.

Nyumbani alimweleza mkewe.

"Mkamwana wetu anaogopa kuniambia nimekosea."

"Na mlango wa jikoni je?"

"Mlango una nini?"

Mkewe alicheka mpaka akatafuta kiti. Alipopata pumzi akamweleza habari za mabeseni, na mhunzi akajishika kichwa.

Jioni ileile alikwenda kwa mkamwana, akamkuta ametoka kazini, kisanduku cha mawe bado kiko mezani.

"Mama, nimekuja kusema neno moja. Upanga wangu nimeukosea."

"Hapana, baba. Mzuri sana."

"Una kilo tatu na robo!"

"Watu wa zamani walikuwa na nguvu, baba."

Alisema hivyo akitazama sakafu, yeye aliyefunga bucha kwa gramu arobaini. Mhunzi alitaka kumgombeza, kisha akaona vidole vyake vinavyochezea kitasa cha kisanduku, akamwonea huruma. Akaelewa kwamba akikiri mara mia, mkamwana atamkanusha mara mia na moja, kwa adabu.

"Kitabu wanakichukua lini?"

"Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Usiwape kabla sijafika."

Akautoa upanga ukutani, akaondoka nao.

Jumanne na Jumatano mhunzi alifunga kibwebwe. Aliurudisha motoni, akauchapa upya, akaupunguza upana, akauchuna kuelekea kwenye ncha. Mchoro aliubandika ukutani kwa sumaku, na kila baada ya muda alikwenda kuusogelea na miwani. Alichonga mfereji, akaharibu kidogo, akarekebisha, akatukana, akaomba radhi kwa kuwa mtukanwaji alikuwa yeye mwenyewe. Mwili ulimwambia apige kama alivyozoea, mchoro ukamwambia vingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliutii mchoro. Alijisikia mwanafunzi, na hakulichukia jambo hilo hata kidogo.

Alhamisi saa tatu na nusu aliingia chumba cha mchezo. Wachezaji wote watatu walikuwepo, wamekuja kukiaga kitabu. Mtu wa kiwanda cha uchapaji alikuwa tayari nje, ameegemea pikipiki yake akitazama saa. Mkamwana alikuwa na bahasha ya kurasa kifuani.

Mhunzi akaweka upanga mezani. Safari hii hakuufunga kwenye blanketi.

"Pima," alisema.

Mkamwana akaupima. Kilo moja na gramu mia nne. Fundi cherehani akapiga makofi, mwalimu wa udereva akapiga mluzi, na mfamasia akaunyakua na kuukata hewa mara mbili, mara tatu, bila kupumzika. "Huu ndio!" akapiga kelele. "Mzee, wewe ni kiboko!" Mhunzi, aliyekuwa hajalala vizuri siku mbili, aliona kazi imekwisha, na akajiruhusu kutabasamu.

Mkamwana akauchukua upanga kwa mfamasia. Akauegesha juu ya kidole chake, vidole sita kutoka kwenye kinga. Ncha ikainama. Akasogeza kidole mbele kidogo, na kidogo tena, mpaka kwenye shibiri nzima, ndipo ukatulia. Akautazama. Akainua uso, na macho yake yakafanya kitu kilekile yalichofanya ile Jumapili ya blanketi.

Safari hii mhunzi aliyasoma vizuri.

"Mzuri sana..." mkamwana alianza.

"Usiniambie hivyo," mhunzi alisema taratibu. "Mimi leo si baba. Mimi ni mwenye duka. Wewe ni mkaguzi, umeingia na kisanduku chako. Mizani yangu ikoje?"

Nje pikipiki ilinguruma, ikazimwa. Mkamwana aliurudisha upanga juu ya kidole, kwenye vidole sita. Mhunzi aliona kwamba jambo hili lilikuwa gumu kwa mkamwana kuliko kurasa zote mia mbili na kumi. Aliogopa atasikia tena yale maneno mawili matamu, na kitabu kitoke na uongo wake.

"Bado," alisema mkamwana, kwa sauti ndogo.

"Sikusikia."

"Bado, baba!" Safari hii ilitoka kwa nguvu, ikamshtua hata yeye. "Uzito ni sawa, lakini mbele bado ni panga. Ona, ncha inainama. Toa hapa, kuanzia hapa mpaka hapa, na tufe la mpini uongeze. Tena kinga umeiweka upande, na... na mlango wa jikoni unagonga jiko!"

Mfamasia akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mkamwana alisimama anahema, machozi yakimlengalenga, kama mtu aliyesubiri kupigwa radi. Mhunzi alichukua kalamu mezani, akampa.

"Basi andika ukweli, mama. Yule wa pikipiki anasubiri."

Mkamwana akavuta ukurasa wa jedwali kutoka kwenye bahasha. Akakata kilo tatu na robo kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kilo moja na gramu mia mbili na themanini, uzito wa ule upanga wa pili wa makumbusho, kisha akaifuta kanuni ya kupumzika yote. Mhunzi alisimama nyuma yake akimtazama, na alikubali moyoni, bila wivu, kwamba katika chumba kile fundi mkubwa zaidi hakuwa yeye.

Saa tano alirudi nyumbani na upanga begani. Mkewe alikuwa anachambua mchele barazani. Akamwona anavyotembea kwa madaha, akadhani kazi imepokelewa.

"Wameukubali?"

"Wameukataa," mhunzi alisema, akiangua kicheko huku anapangusa macho. "Binti yetu kaniambia bado."